Marehemu Ameacha Nani?

Mara ya kwanza kuketi kama mfiwa nyumbani kwa Madam, marehemu alikuwa hadithi yangu. Wachapishaji wa Nairobi waliikataa kwa barua pepe ya mistari mitatu, wakisema haiendani na mahitaji yao kwa sasa. Niliisoma nikiwa kazini, kwenye agrovet, duka la dawa za mifugo, pale mjini Nakuru, mkononi nimeshika dawa ya kupe ya mteja. Nilimpa mteja dawa yake, nikaingia stoo nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, nikafuta kila kitu nilichokuwa nimeandika kwenye simu. Kisha nikamtumia Madam ujumbe kwamba nimeacha uandishi na Jumamosi asinitarajie.

Alinijibu kwa neno moja tu: "Njoo."

Nilipofika Njoro nilikuta viti vya plastiki vimepangwa nje, kando ya ukuta wa nyumba yake. Sufuria kubwa ya chai ilikuwa mekoni na mkate umekatwa ukafunikwa kwa kitambaa. Wenzangu wawili walikuwa wameketi kimya, mikono magotini, jinsi watu wanavyokaa kwenye matanga. Nilidhani msiba umewafikia majirani. Madam akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia pole, akanionyesha kiti cha katikati. Nikainuka kumsaidia kumimina chai, naye akanirudisha chini.

"Kaa," alisema. "Mfiwa hashiki birika."

Walinihoji kama wanavyohojiwa wafiwa wa kweli. Hadithi ilizaliwa wapi? Iliugua nini? Nani alikuwa nayo dakika za mwisho? Nilianza kujibu kwa kucheka, nikamaliza kwa kulia, na hakuna aliyeninyamazisha. Halafu Madam akauliza swali la mwisho, lile ambalo wasifu wowote wa marehemu huku kwetu haukamiliki bila hilo.

"Marehemu ameacha nani?"

Nikasema hakuacha mtu. Akasema hakuna marehemu wa namna hiyo. Alitaka sentensi moja ya kitu nitakachoandika kesho yake, sentensi yenye mtu ndani yake na mtu huyo awe anafanya jambo. Bila hiyo singetoka pale. Nilikaa hadi chai ikaota utando. Nilimchukia kwa moyo wote. Mwishowe nikasema kwa hasira kwamba mwanamke aliuza dawa ya kupe kwa mtu aliyemwibia ng'ombe.

"Tumezika," Madam akasema, akasimama. "Haya, vikombe vioshwe."

Sentensi ile ilikuja kuwa hadithi yangu ya pili. Nayo ilikataliwa, lakini hayo ni matanga mengine.

Alikozaliwa Madam sijui, wala sikuwahi kuuliza. Nilimjua akiwa tayari amestaafu ualimu wa Kiswahili, akiishi kwenye kipande chake cha shamba karibu na mashamba ya ngano, na ng'ombe mmoja wa maziwa na riwaya moja isiyoisha. Watu wote walimwita Madam kama walivyomwita shuleni. Hata chifu, mwanamume mwenye kitambi na fimbo, alikuwa akivua kofia na kusema "Madam" kwa sauti ya mtoto ambaye hajafanya kazi ya likizo. Alivaa gambuti, buti zile za mpira, mvua ikinyesha na gambuti jua likiwaka. Miwani yake aliifunga kwa kamba ya viatu, ikining'inia kifuani, na kila alipotaka kusoma alianza kwa kuitafuta kwenye meza.

Tulikuwa watatu kwake. Mimi, ambaye aliniita Agrovet hata mbele ya mama yangu. Kijana wa chuo kikuu pale Njoro, aliyesomea kilimo na kuandika tamthilia. Na mtu wa Kamere, mfanyakazi wa shamba la maua kule Naivasha, mpole wa sura, aliyetunga mashairi akikata waridi na kuyashika kichwani hadi jioni kwa sababu simu haziruhusiwi ndani ya vibanda vya maua. Jumamosi moja kila mwezi tulikutana kwake kusomeana. Yeye hakutuita wanafunzi. Alituita "hawa watu wangu," kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Sheria yake ya kusomeana ilikuwa ya jikoni. Ambaye kazi yake imesomwa alipewa kisu na beseni la waru, viazi vile vya kutoka Molo vyenye udongo mwekundu, akamenya huku wengine wakisema wanachokiona. Kujibu kulikatazwa. Kueleza ulichokusudia kulikatazwa. Ulimenya tu, na waru zile ndizo tulizokuja kula. Alisema mtu mwenye kisu mkononi na kazi mbele yake hawezi kupata nafasi ya kujitetea, na kwamba nusu ya uandishi hupotea mtu akijitetea.

Lakini macho yake hayakuwa kwenye uso wako. Yalikuwa kwenye maganda. Siku moja tulimwambia kijana kwamba chifu wa tamthilia yake anaongea kama taarifa ya habari. Alimenya kwa nguvu hadi waru ikabaki na ukubwa wa gololi. Madam akaokota ganda, akaliinua juu tulione sote.

"Tazameni hii hasira," alisema. "Ng'ombe wangu atashiba. Sisi tutalala njaa."

Kwa hiyo tulijifunza kusikiliza kwa tumbo. Mwaka wa kwanza tulikula waru ndogo sana. Polepole maganda yakapungua unene, na Madam akawa anasema siku utakapoona jua kupitia ganda, ujue umeanza kusikia unachoambiwa. Mimi ya kwangu yalichelewa. Mama yangu hadi leo hushangaa ninavyomenya viazi polepole huku nikiuma meno, na sijamweleza.

Yeye mwenyewe alimenya pia kazi yake iliposomwa, na maganda yake yalitoka membamba, marefu, hayakatiki. Isipokuwa siku moja. Mtu wa Kamere, ambaye huongea kama anaomba radhi, alimwambia kwamba yule mwanamke wa riwaya yake amemsamehe mumewe mapema mno, kwamba katika maisha watu hawasamehe wakiwa bado wanakohoa moshi wa nyumba iliyochomwa. Madam akaendelea kumenya. Ganda lililofuata lilikuwa nene kama soli ya kiatu. Mwezi uliofuata alituletea sura ile upya, na mwanamke hakuwa amemsamehe mtu yeyote.

Ajabu ni kwamba yeye ndiye angepaswa kulijua hilo kutuzidi. Palikuwa na mwalimu mwenzake, mzee wa hisabati, ambaye zamani sana alichukua kurasa zake kutoka kwenye meza ya stafurumu, chumba cha walimu, akazisoma kwa sauti ya kuigiza, walimu wakacheka hadi kengele. Wote wawili walistaafu, wote wawili walizeeka Njoro, na Madam bado alivuka barabara akimwona. Kanisani aliketi mbele kabisa ili asione kisogo chake. Siku moja kijana alimuuliza kwa nini yeye anayetufundisha kutovunjwa na maneno hajawahi kusahau kicheko kile.

"Nilisema usivunjike," alimjibu. "Sikusema usikumbuke. Msamaha nitatoa siku atakayoniomba, na hajaniomba. Mimi kumbukumbu yangu ni mali, naitumia. Unafikiri wale watu wabaya wa riwaya yangu nawatoa wapi?"

Nilipenda jibu hilo kuliko mahubiri yoyote ya kusamehe niliyowahi kukalia. Kuna watu ambao wakikushauri uwe imara, wanachotaka hasa ni uwe kimya. Madam hakuwa mmoja wao. Hakupenda kabisa ile kauli kwamba mwandishi awe na ngozi ngumu. Alisema kule kwa mtu wa Kamere wamejaa viboko, ngozi zao ni ngumu ajabu, na hakuna kiboko aliyewahi kuandika hata ubeti mmoja. Jiwe haliandiki, alisema. Uumie, ulie, uone haya, kisha urudi. Kurudi ndiko alikokuita uimara, na hakujua njia nyingine.

Mfano wake ulikuwa ng'ombe. Sisi wengine tulizoea kusema hadithi zetu ni watoto wetu. Aliposikia hivyo alikunja uso. Mtoto wako akitukanwa utapigana, alisema, na hutaandika tena, utashinda ukipigana. Hadithi ni ng'ombe. Akikupiga teke asubuhi akamwaga maziwa yote, utamtukana, utajipangusa, na jioni utarudi na ndoo kwa sababu kiwele kimejaa na hakuna mwingine wa kumkama. Nilimshuhudia akipigwa teke hilo. Alimtukana ng'ombe kwa lugha ya mama yake matusi ambayo hakuna kamusi ingeyapokea, yeye mzee wa kanisa, kisha akaweka ndoo mahali pake akaendelea.

Kwa barua za wachapishaji alikuwa na dharau ya pekee. Alizisoma kwa sauti kama mwalimu anayesahihisha insha. Yale maneno "kwa sasa" aliyapenda sana. Kwa sasa, alisema, maana yake kesho mnaweza? Basi kesho nitaleta. Na alileta kweli. Kuna wachapishaji waliomkataa mara nyingi hadi katibu wao akawa anamsalimia kwa simu na kumuuliza habari za mvua. Alituambia mlango ukifungwa usisimame nje ukiupiga picha.

Watu wetu nao hawakututesa kidogo. Ninapoishi, mtaa wa Rhonda, ukuta wa chumba kimoja ndio ukuta wa kingine, na jirani akisikia unajisomea peke yako hukuuliza kama umeokoka. Mjomba wangu aliniuliza mbele ya ukoo mzima, nyama ikiwa mdomoni, kama bado naandika zile hadithi za uongo na kama zimeninunulia hata sahani. Wote walicheka, na mimi nikacheka nao, kicheko cha aibu. Nilipomsimulia Madam aliniuliza swali moja tu: mjomba ana uchi wapi? Nilistaajabu. Akafafanua kwamba kila anayecheka ana mahali anapoogopa, na kazi yangu ni kupatazama bila chuki na kupaandika. Nilimwandika mjomba, bila jina, mtu anayekula haraka kwa sababu alikulia kwenye nyumba ambamo sahani haikufika kwake. Nilipomaliza sikuwa na hasira naye tena. Nilikuwa na hadithi.

Matanga ya Madam yalijulikana kijiji kizima kwa sababu ya Mama Chebet. Huyu ni jirani yake wa uani, mwanamke mkubwa wa umbo na wa huruma. Siku ya matanga ya shairi la mtu wa Kamere aliona viti nje na watu wameinamisha vichwa, akafanya ambacho mtu yeyote wa huku angefanya. Alikuja mbio na pakiti ya sukari na mzigo wa kuni mgongoni, machozi yameshaanza, akauliza nani ametuacha. Kijana akajikaza akasema ni shairi.

Mama Chebet alitua kuni. Alituangalia mmoja mmoja. Alisema sisi ni watu wa kuchezea kifo, na kwamba sukari yake anarudi nayo. Madam akamwambia asirudi kabla hajasikia marehemu alikuwa nani. Mtu wa Kamere akasimama, akalisema shairi lake lote bila karatasi, lile la mwanamke anayefunga maua ya harusi za watu wa mbali huku mikono yake ikiwashwa na dawa. Mama Chebet alisikiliza amesimama, kisha amekaa. Dada yake alikuwa amefanya kazi hiyo. Mwishoni aliuliza ni mjinga gani aliyelikataa, akafungua pakiti ya sukari akaimwaga yote kwenye sufuria, tukanywa chai ambayo haikunyweka.

Sheria ya pili ya matanga tuliijua kwa sababu ya kijana. Tamthilia yake iliondolewa kwenye tamasha dakika za mwisho, mavazi yameshashonwa, na akajifungia chumbani kwake hosteli. Simu hakushika. Madam alikwenda huko na gambuti zake, akapanda ngazi, akaketi sakafuni kwenye korido na chupa ya chai mbele ya mlango wake, wanafunzi wakimruka kama sufuria iliyoachwa njiani. Kijana alituhadithia baadaye kwamba Madam hakumwomba atoke. Alisema kupitia mlango, "Mfiwa hafungi mlango. Watu watakaa wapi?" Kisha akajimiminia chai, akaanza kusahihisha insha za mjukuu wa mtu. Kijana alifungua alipochoka kusikia mtu akinywa chai kwa sauti.

Yote hayo nayasema ili ieleweke kwa nini ujumbe wake ulitushtua. Riwaya yake alianza kuiandika kabla hajastaafu. Ni habari za wanawake waliobaki kwenye shamba la mzungu baada ya mzungu kuondoka, jinsi walivyogawana nyumba kubwa kwa mapazia, na nani alipata chumba chenye dirisha. Tuliijua kama tunavyozijua nyumba zetu. Wachapishaji wake wa mwisho waliishika muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Walimwambia apunguze, akapunguza. Walimwambia aongeze mapenzi, akaongeza kidogo, kwa kununa. Kisha mhariri akabadilishwa, na aliyekuja akamwandikia kwamba wasomaji wa leo hawataki tena habari za mashamba.

Kukataliwa tulikuzoea, lakini hilo lilikuwa limepita kiasi. Na Madam, ambaye nilimtarajia acheke na kuisoma barua kwa sauti, aliandika kwenye kikundi chetu cha simu maneno haya: "Nimeacha. Asanteni. Jumamosi msije."

Siku iliyofuata Mama Chebet akanipigia. Alisema Madam ametoa ile meza yake ya kuandikia, imebebwa kwa mkokoteni hadi kanisani, watoto wa Sunday school wanapaka rangi juu yake. Kalamu na karatasi tupu amewagawia wajukuu wake yeye Mama Chebet. Alisema ameuliza kuna nini, akajibiwa kwamba nyumba inahitaji nafasi.

Niliogopa, na niseme ukweli, sikuogopa kwa ajili yake tu. Kama huyu angevunjika, mimi nilikuwa nimeegemea nini miaka yote? Halafu woga ukageuka hasira. Nilimkasirikia mhariri nisiyemjua, nikakasirikia nchi ambayo mtu hufundisha lugha yake maisha yake yote kisha huambiwa mashamba hayasomeki, wakati ugali wa anayemwambia umetoka shambani. Nikamkasirikia na yeye Madam. Niliwaandikia wenzangu wawili kwamba Jumamosi tunakwenda, na kwamba mkate nitanunua mimi.

Tulikuta geti limefungwa kwa waya uliosokotwa. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni na gambuti zake, akatuona, akageuza uso kuelekea kwa ng'ombe. Mtu wa Kamere akasema kwa upole kwamba labda tuheshimu neno lake. Kijana, ambaye sasa ana ndevu na digrii na bado hana kazi, akaweka mkono kwenye waya.

"Madam," aliita, "mfiwa hafungi mlango. Si ni wewe ulinikalia hosteli?"

Kijana akausokotoa waya, akafungua, tukaingia. Tulitoa viti stoo tukavipanga kando ya ukuta. Mtu wa Kamere alibandika chai. Mama Chebet alitokea uani na pakiti ya sukari, safari hii akijua vizuri anakuja kumlilia nani. Madam alituangalia tukifanya haya yote kwenye boma lake kama anayeangalia wezi wenye adabu.

"Mimi sitaki matanga," alisema. "Mimi si mtoto. Nimezeeka, nimechoka, nimeacha. Watu hustaafu."

Maji yalipochemka mazoea yakamshinda, akainuka kwenda kwenye birika, nami nikamwekea mkono begani. Bega lake lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani.

"Kaa, Madam," nilimwambia. "Mfiwa hashiki birika."

Akakaa kwenye kiti cha katikati, akiangalia pembeni. Nikaanza kumuuliza. Ilizaliwa wapi? Stafurumu, alisema, watu wakicheka. Iliugua nini? Uzee, alisema, wamesema ina uzee. Nani alikuwa nayo dakika za mwisho? Kijana fulani wa kuhariri, alisema, ambaye pengine nilimfundisha mama yake. Mama Chebet akacheka, akajiziba mdomo kwa leso. Nikauliza swali la mwisho.

"Marehemu ameacha nani?"

Ng'ombe alikuwa akitafuna maganda. Upepo wa Njoro ulikuwa umeanza kuinua vumbi kule kwenye ngano iliyovunwa. Madam alitazama mikono yake.

"Ameniacha mimi," alisema.

Mtu wa Kamere akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa tayari kulipokea jibu hilo. Lilikuwa la kweli na lilinichoma, na nilimwonea huruma. Hapo ndipo tungekosea, na tungempoteza kwa adabu yetu.

"Zii, Madam," kijana akasema. "Hiyo haihesabiki. Hiyo ni huzuni. Wewe ulisema sentensi ya kitu utaandika kesho. Mtu ndani, anafanya jambo. Hatutoki hapa."

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisimama, miwani ikaruka kifuani, kidole kikamwelekea kijana usoni.

"Wewe? Mimi nilikufunza kushika kisu, leo unanikalisha chini kwa boma yangu? Kwani mwanamke Njoro hii hawezi kufa kwa amani bila wanafunzi wake kuvunja geti, waingie na sukari ya jirani, wamkataze?"

Kidole chake kilibaki hewani. Nilimwona akisikia alichokisema. Midomo yake ikakirudia bila sauti, mwanzo hadi mwisho, na kidole kikashuka polepole. Akakaa.

"Si kuvunja," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja chumvi. "Geti halikuvunjwa. Lilifunguliwa na yule mdogo wao, ambaye walidhani ni mwoga." Akatafuta miwani yake kwenye meza ambayo haikuwepo tena, akaikuta kifuani. "Nani ana kalamu?"

Mtu wa Kamere akatoa yake mfukoni. Karatasi haikuwepo nyumba nzima, alikuwa amezigawa zote. Mama Chebet akamwaga sukari yote kwenye sufuria, akakung'uta pakiti ile ya karatasi, akaifungua kwa kucha na kumpa. Madam akailaza juu ya goti. Alisema kalamu ile ni mbaya, inavuja, na kwamba mtu wa mashairi anapaswa kuona haya kutembea nayo. Kisha akaanza kuandika.

Tulikunywa chai ile ya sukari tele, na safari hii sote tuliimaliza ilivyokuwa. Yeye kikombe chake hakukigusa. Hakuna aliyesema tumezika. Nilivikusanya vikombe vyetu, nikaenda kuviosha.